Nauli ya fundi ilipwe kabla hajaondoka gatini

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Kizingitini, huku kwetu visiwa vya Lamu. Boti imegoma, abiria wamekaa, fundi njoo haraka. Nikangoja maji yajae Mkanda upitike, ule mlango wa bahari wa kina kifupi kwenye mikoko, nikaenda. Kilichokuwa kimeharibika ni waya wa swichi ya kuzimia. Ngozi yake ya plastiki ilikuwa imepasuka, chumvi ikaingia, shaba ikageuka kijani na kugusana na bodi ya mashine, kwa hiyo plagi hazitoi cheche hata uvute kamba mpaka bega liteguke. Nikakata pale palipooza, nikakwangua, nikaunga, nikafunga vizuri. Mvuto wa pili ikawaka.

Nikataja pesa yangu. Mwenye boti, mtu mzima ambaye namwita ami, akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu, waya mmoja tu?"

Sikubishana naye mbele ya abiria. Alinipa nusu, nyingine akasema bamvua, yale maji makuu, ikiisha, nikashukuru nikaondoka. Lakini lile neno limenikaa kooni, maana silisikii kwake tu. Nalisikia Faza, nalisikia Ndau, nalisikia Shela kwa watu wenye hoteli ambao hawana shida ya pesa hata kidogo.

Kwa hiyo leo nataka kusema waziwazi. Waya ule sikuutoza kitu. Nilichotaja ni petroli ya kwenda na kurudi, na mashine ya farasi 15 ukiifungulia yote haili chini ya lita 5 kwa saa, na oili yake juu. Nilichotaja ni asubuhi nzima ya kungoja maji, na hofu ya kurudi yamekwisha kupwa nikalala kwenye tope katikati ya mikoko. Nilichotaja ni sanduku. Simu inasema "imegoma" na hakuna zaidi, basi fundi anabeba plagi, koili, kabureta, diaframu ya pampu ya mafuta, pampu ya maji, sili za gia na propela. Fundi mwenye karakana akikosa kitu ananyoosha mkono rafuni. Mimi nikikosa kitu Kizingitini, siku imekufa, na mwenye boti atasema fundi hajui kazi.

Watu wanaona mikono tu. Mikono ikifanya kazi dakika kumi, wanataka kulipa dakika kumi.

Nimewaona mafundi wazuri kuliko mimi wakiiacha kazi hii. Sikumbuki hata mmoja aliyeshindwa na mashine. Walishindwa na nauli. Inakwenda hivi: fundi anakwenda kwa mteja wa kwanza kwa petroli yake mwenyewe, anaahidiwa. Anaitwa na wa pili, hana pesa ya mafuta, anaomba arubuni ya spea. Ile arubuni inaishia kwenye tangi. Sasa spea ya wa pili hainunuliki mpaka wa tatu atoe arubuni yake. Wa tatu naye akichelewa, fundi anaanza kuzima simu. Mtaa mzima unasema amekuwa mwongo, na huenda ni mtu aliyeswali na wewe safu moja miaka yote. Baada ya hapo anauza vifaa, anakwenda kutafuta kibarua bandarini au Mombasa. Na kijiji kinabaki na boti zilizopinduliwa ufukweni, mashine zimefunikwa gunia, watu wanalalamika mafundi hakuna.

Walikuwepo. Mliwamaliza kwa kuihurumia mifuko yenu.

Nakubali, wapo mafundi walioharibu jina letu. Wapo wanaochomoa kabureta nzima wakarudisha bovu, wapo wanaouza spea bandia kwa bei ya halisi. Anayeogopa kutanguliza pesa kwa watu kama hao namwelewa. Na bahari nayo haitoi kila siku. Kusi likivuma, mvuvi anakaa pwani mwezi mzima akiangalia mawimbi, utamdai nini? Ndiyo maana mimi kazi ya mikono nasubiri. Nasubiri bamvua, nasubiri hata kaskazi ianze. Lakini petroli haisubiri na duka la spea halinisubiri, kwa hiyo hivyo viwili haviwezi kuwa deni langu.

Kuna nauli nyingine ambayo ingeweza kuokolewa kabisa. Impela ya pampu ya maji ni kijipira chenye mabawa, unakishika kiganjani. Mkipita kina kifupi mashine inavuta mchanga na tope, mabawa yanalika, yanakatika, vipande vinakwenda kuziba njia ya maji ndani. Dalili mnaziona: mashine haikojoi vizuri, ule uzi wa maji unakuwa dhaifu, kisha matone. Nahodha anaangalia, anasema tutafika. Anafika kweli, na pistoni imekwaruza silinda. Kijipira kingebadilishwa mapema, pamoja na oili ya gia kila saa 100 au miezi 6, mashine ingedumu. Na jioni ikizungushwa kwenye pipa la maji baridi, yasiyo ya chumvi, chumvi isingelala ndani. Mambo haya nayasema bila malipo, kwa sauti za WhatsApp, usiku, mtu akinirekodia mlio wa mashine yake. Nitaendelea kuyasema. Oili ya pikipiki pia acheni kutia. Tafuteni ya boti, yenye alama ya TC-W3 kwenye kopo, ile nyingine inaacha masizi kwenye plagi na pistoni.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wetu walioathirika na ujenzi wa bandari ya Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na baadaye ikakubaliwa sehemu yake itolewe kwa vifaa vya uvuvi. Haki ni haki, na ilichelewa. Ila tangu zamani, kila msaada wa uvuvi unaokuja pwani hii unakuja na boti za fiber na mashine mpya, na picha zinapigwa. Sijaona bajeti yenye mstari wa matengenezo. Boti ya fiber ikipasuka kwenye mwamba, kiraka chake kinataka mahali pakavu kabisa, msasa, asetoni, resini na hadina (dawa ya kuigandisha) iliyopimwa, na muda wa kukauka kabla maji hayajarudi. Nani analipia hayo? Mvuvi hana. Basi kiraka kinatiwa juu ya unyevu, kinabanduka baharini, na watu wamo ndani.

Ninaye kijana ninayemfundisha. Ana sikio, anaijua silinda isiyochoma kwa kusikiliza tu. Mwezi huu ameniuliza kama kazi hii inaweza kulisha mke na watoto. Nilimfungulia daftari, maana mali bila daftari huisha bila habari, nikamwonyesha safu ya madeni na safu ya yaliyolipwa. Hakusema kitu.

Kwa hiyo kuanzia sasa, yeyote atakayeniita, awe nahodha, ami, rafiki au meneja wa hoteli: pesa ya petroli ya kwenda na kurudi itumwe kwa M-Pesa kabla sijafungua kamba. Spea inalipwa kabla haijanunuliwa, risiti utapewa na kile kibovu utarudishiwa mkononi ukione. Ufundi tutaelewana, na mvuvi nitamsubiri kama siku zote. Aliyepotelea baharini na roho za watu simtozi. Huyo anipigie saa yoyote.