Orodha za Fantasy za kulipia: mimi simo

Agosti ikikaribia, wauza orodha nao huamka. Huyu anauza wachezaji 50 bora wa msimu, yule anatoza kila mwezi ili akwambie wiki hii kitambaa cha unahodha umvalishe nani (pointi za nahodha huhesabiwa mara mbili). Nazungumzia Fantasy ya Ligi Kuu ya Uingereza, ile FPL inayochezwa bure mtandaoni na mamilioni ya watu: unaunda kikosi cha wachezaji halisi, nao wanakuletea pointi kwa wanachofanya uwanjani. Ndiyo hiyo, na msimamo wangu ni kwamba orodha hizo hazistahili kulipiwa. Kipo kitu kimoja ambacho ningekitolea pesa, nitakifikia.

Sisemi hao wataalamu hawajui mpira. Wengi wanaujua, na wanatazama mechi nyingi kuliko mimi na wewe. Ila tazama msimu wa 2023/24. Aliyemaliza na pointi nyingi kuliko wote alikuwa Cole Palmer: pointi 244, mabao 22. Msimu ulipoanza alikuwa bado Manchester City, akisubiri kuingia kutokea benchi, na Chelsea walimchukua dirisha la usajili likiwa linafungwa, tarehe 1 Septemba. Orodha gani ya Agosti ingemweka kileleni? Msimu uliofuata Chris Wood wa Nottingham Forest, straika aliyeshapita miaka 30 na ambaye wengi hawakuwa wakimfikiria, akafunga mabao 20.

Sasa geuza upande wa pili. Erling Haaland alipofunga mabao 36 msimu wa 2022/23, na Mohamed Salah alipoweka rekodi ya pointi 344 mwaka 2024/25, kulikuwa na haja ya mtaalamu kukutajia majina hayo? Orodha inapatia pale ambapo hata wewe ungepatia, na inapofika kwa Palmer iko gizani pamoja nawe.

Fantasy ya Marekani ni habari nyingine kidogo. Kule ligi nyingi huchagua wachezaji kwa zamu, na akishachukuliwa na mmoja wenu wengine mmemkosa. Mpangilio wa nani atangulie nani una maana kubwa. Kwenye FPL sote tunaweza kuwa na Salah. Una milioni 100 za pesa ya mchezo, unasajili wachezaji 15, klabu moja isizidi watatu. Swali gumu si nani bora, ni nani anaenea kwenye bajeti pamoja na nani: nikimchukua Haaland, beki gani wa bei ya chini atanifidia? Namba 1 hadi 50 haijibu swali hilo.

Halafu orodha ikishauzwa kwa maelfu, maelfu wanakuwa na kikosi kimoja. Nahodha aliyechaguliwa na karibu kila mtu akifunga matatu, hupandi, unabaki ulipo. Umelipa ili ufanane na wenzako! Na nani amechaguliwa na asilimia ngapi ya watu, mchezo wenyewe unaonyesha bila kukutoza chochote.

Kinachoamua zaidi ni dakika. Anayecheza chini ya dakika 60 anapata pointi 1, akifikisha 60 anapata 2, na beki aliyetoka mapema hapati zile pointi 4 za kutoruhusu bao. Kwa hiyo habari yenye thamani ni nani anaanza. Habari hiyo hutoka kwa makocha wanapoongea na waandishi siku moja au mbili kabla ya mechi, na kila mtu anaisikia saa ileile. Mlango wa kubadilisha kikosi hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Orodha iliyotumwa Jumanne, kufikia hapo ni gazeti la jana. (Na aliyewahi kumtegemea winga wa Guardiola anajua kwamba hata maneno ya kocha mwenyewe si dhamana.)

Tovuti ya FPL inakupa uwezekano wa majeruhi kucheza, kwa asilimia 25, 50 au 75. Inakupa ugumu wa mechi zijazo. Tangu 2022/23 inakupa hata takwimu za mabao yaliyotarajiwa, yaani mabao ambayo nafasi alizopata mchezaji zilistahili kuzaa. Bado kuna kikosi ambacho mchambuzi wao hupendekeza kila wiki. Orodha nyingi za kulipia nilizoziona ni hayo hayo, yamepangwa upya na kupakwa rangi.

Kama bado unataka kulipa, muombe muuzaji kiungo cha timu yake. Ukurasa wa kila timu unaonyesha nafasi iliyomaliza misimu iliyopita, na haufutiki kwa maneno matamu. Akikwepa, achana naye. Akikuonyesha msimu mmoja mzuri tu, usitishike: kwenye mamilioni ya timu lazima ziwepo zinazofika juu kwa bahati. Msimu wa nne na wa tano ndiyo inayosema kitu. Anayeahidi pointi za uhakika hata kiungo chake usikifungue.

Nikifika kwenye kile ambacho ningelipia: programu ya kukokotoa. Ile inayokadiria dakika na pointi za kila mchezaji kwa wiki kadhaa mbele, kisha inapima kama inafaa kukatwa pointi 4 kwa badiliko la ziada au kutunza mabadiliko ya bure, ambayo tangu 2024/25 yanaweza kufika matano. Hesabu hiyo kwa mkono inakula jioni nzima, na ukiwa na kazi na watoto huna jioni ya kuichezea. Hapo unanunua muda wako. Hata hivyo nisingeilipia Agosti. Ningesubiri timu zionyeshe zinavyocheza, nilipe mwezi mmoja, nikiona haibadilishi uamuzi wangu wowote nisitishe.