30 mbele ya shule: kibao peke yake hakitoshi

Anayetaka mwendo wa magari ushushwe hadi kilomita 30 kwa saa mbele ya shule za Dar es Salaam asije na hoja ya saa moja asubuhi. Saa hiyo foleni imeshafanya kazi ya trafiki. Daladala, bajaji na magari ya wakubwa yote yanatambaa, na mtoto anapenya katikati yake bila wasiwasi mkubwa. Aje na hoja ya mchana, pale wadogo wa darasa la kwanza na la pili wanaporuhusiwa, barabara imefunguka, na dereva aliyeganda kwenye foleni asubuhi nzima sasa anajilipa.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Wengi wetu tukiona kibao cha 50 tunajiona tumeshanyenyekea vya kutosha. Lakini hebu tupige hesabu. Gari la 50 linakata karibu mita 14 kila sekunde, na la 30 mita 8 na kidogo. Madereva wawili, mmoja 30 na mwingine 50, wamemwona mtoto akichomoka nyuma ya daladala iliyosimama, na kila mmoja amechukua sekunde moja kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki. Kwenye lami kavu, yule wa 30 anasimama baada ya mita 13 hivi. Wa 50, kwenye mita hiyohiyo ya 13, mguu wake bado haujagusa breki. Kama mtoto yuko hapo, anagongwa na 50 yote.

Kwa sababu kama hizo Azimio la Stockholm la Februari 2020, la mkutano wa dunia wa usalama barabarani, lilizitaka serikali ziweke kikomo cha 30 pale watembea kwa miguu na magari wanapochanganyikana, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaliridhia mwaka huohuo. Kwa upande wa namba, sioni pa kubishia.

Wanaopinga husema watacheleweshwa. Kipande cha mita 300 kinakatwa kwa sekunde 22 ukiwa na 50, na sekunde 36 ukiwa na 30, kwa hiyo tofauti ni sekunde 14. Dereva wa daladala atakwambia hapiti shule moja, na jioni tajiri anataka hesabu yake. Sawa. Hata shule kumi njiani ni dakika mbili na ushee kwa trip, na kituo kimoja cha kupigia debe kinakula zaidi ya hizo. Hoja hii naiona nyepesi.

Hoja yao nzito ni tochi, kile kipima mwendo cha askari. Madereva wameshazoea kibao kilichowekwa mahali ambapo barabara ni pana, imenyooka na haina mtu, halafu mbele kidogo askari yuko chini ya mwarobaini na tochi yake, na faini ni shilingi 30,000. Wanaopishana wanawashiana taa kuonyana. Kibao cha namna hiyo kinamfundisha dereva kutafuta askari alipo, akimpita anakanyaga mafuta. Ukimwongezea kibao cha 30 mbele ya shule kwa mtindo uleule, atakisoma vilevile: mtego mwingine. Na Jumapili, shule ikiwa imefungwa, bado kinamwambia 30. Hapo sina la kumjibu.

Nje pia wameliona hili. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, ambako mitaa ya katikati ya jiji iliwekewa maili 20 kwa saa, kama kilomita 32, bila kuguswa barabara yenyewe. Mwendo ulipungua kidogo mno, na ajali hazikubadilika kwa kiwango cha kujivunia. Wales walifanya nchi nzima Septemba 2023, na huko mwendo ulishuka kweli, ingawa zaidi ya watu 450,000 walitia saini kupinga. Kwa hiyo kibao si bure kabisa. Ila Wales kilikuja na sheria moja kwa karibu kila mtaa na mabishano yaliyofika kila nyumba, jambo ambalo kibao kimoja kilichopigiliwa Temeke au Mbagala hakiwezi kuleta.

Cha kwetu kilichopimwa ni kazi ya shirika la Amend, mpango wa SARSAI, kwenye baadhi ya shule za Dar es Salaam. Walijenga njia za miguu, matuta, zebra na nguzo za kuzuia magari yasipande pembeni. Shule walizozifanyia kazi zilipolinganishwa na nyingine, majeraha ya watoto yalikuwa yamepungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Tuta halihitaji askari, na linafanya kazi hata usiku.

Tuta nalo lina kero zake. Shokapu zinakufa, gari la wagonjwa linapunguza mwendo kama wengine. Na kuna jambo ambalo kila mkazi wa jiji hili amewahi kuliona: fundi huacha upenyo pembeni ili maji yapite, bodaboda nao wanapita hapohapo, palepale mtoto anapotembea. Tuta lisilo na nguzo pembeni linamhamishia mtoto hatari.

Halafu kuna swali la nani mwenye barabara. Mtaa wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, unaweza kupewa 30 na matuta yake bila kelele nyingi. Barabara kuu ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, yenye njia nne, malori ya bandarini na mabasi ya mikoani ni habari nyingine, na sitarajii lori la kontena litambae kwa 30 kwa sababu tu kuna bati limeandikwa. Huko ningeanza na geti. Shule nyingi zina geti linalotazama barabara kuu na ukuta wa nyuma unaopakana na mtaa mtulivu. Geti likihamia nyuma, mamia ya watoto hawamwagiki tena kwenye lami kengele ikilia. SARSAI wenyewe walihamisha mageti kwenye baadhi ya shule.

Ila na kituo cha daladala kiangaliwe siku hiyohiyo. Kikibaki kilipo, watoto watatoka kwa geti jipya, wazunguke ukuta, na kurudi kusimama palepale, wakimsubiri konda ambaye huenda akawakataa kwa sababu ya nauli yao ndogo.