Ukitaka kupika pombe nyumbani Tanga, anza na ulezi

Vijana wa hapa mjini wanaotaka kujifunza kupika bia nyumbani huniuliza swali lile lile: kimea cha shayiri na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, vinapatikana wapi? Wameshaona video za Wamarekani na mitambo yao inayong'aa, nao wanataka kuagiza kila kitu. Jibu langu huwakatisha tamaa kidogo. Nenda soko la Mgandini, nunua mtama na ulezi, halafu mtafute mama anayejua kupika, umpigie shikamoo, ukae umsikilize.

Nianze na joto. Bia nyingi za baa zetu ni laga, na chachu ya laga hutaka nyuzi 8 hadi 13 hivi za Selsiasi. Chachu za eli, zile bia za Kiingereza, nyingi hupendelea nyuzi 18 hadi 22. Tanga kuanzia Desemba hadi Machi mchana hupita nyuzi 30, na usiku nao hautusaidii. Chachu ya baridi ikilazimishwa kuchachua kwenye joto hilo hutoa pombe yenye ukali wa spiriti. Kwa hiyo anayetaka laga yake pale Chumbageni atanunua friji ya pili na kuilipia umeme kwa majuma. Hopsi nayo ni mmea unaotaka siku ndefu za kiangazi za nchi zilizo mbali na ikweta, hivyo utaiagiza milele. Wapo wanaotumia chachu ya Norway iitwayo kveik, inayostahimili hata nyuzi 35 na zaidi, na ni chachu nzuri sana. Ila hata hiyo itakuja kwa ndege.

Pombe ya nafaka zetu haina shida hizo. Hamira ya mkate ya dukani ni spishi moja na chachu ya eli, inafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30, na pombe ya kienyeji hunywewa ingali inachachuka, siku moja au mbili baada ya kutiwa hamira.

Kinachonivutia zaidi lakini ni akili iliyomo kwenye mapishi yenyewe. Wanga wa shayiri hulainika kwenye nyuzi sitini na kitu, na kwenye joto hilo hilo vimeng'enya vya kimea hugeuza wanga kuwa sukari. Ndiyo maana mpishi wa Ulaya huloweka kimea chake kwenye maji ya nyuzi 65 au zaidi kidogo, akasubiri kama saa moja, kazi ikaisha. Mtama haukubali. Wanga wake huanza kulainika karibu na nyuzi 70, na hapo vimeng'enya tayari vinaanza kufa. Ukifuata kanuni za shayiri neno kwa neno utapata maji yenye utamu hafifu. Wapika pombe wetu walilitatua hilo zamani: wanapika uji kwanza uive kabisa, wanauacha upoe mpaka kidole kiuvumilie, ndipo wanatia unga wa kimea cha ulezi. Mama wa Handeni aliyenionyesha hakuwa na kipimajoto. Alichovya kidole, akasema, "Bado, mwanangu," akaendelea kupepeta kimea chake. Alipokitia, uji uliokuwa mzito mwikoni ulilegea ukawa mtamu mbele ya macho yangu. Ile ni kemia, na anaijua vizuri kuliko wengi wetu tuliokaa darasani. Inaniuma kuona ujuzi huo unaitwa wa kishamba huku mtu akilipa dola kununua kifurushi chenye maelekezo.

Hatua hiyo ya utamu ni togwa, na mimi huichukulia kwa uzito. Tanga ni mji wa Waislamu wengi, na majirani zangu wengi hawanywi. Sufuria moja nagawa mara mbili: togwa ya siku hiyo hiyo inakwenda kwa wanaoitaka kabla sijagusa hamira, na pombe inabaki ndani kwangu, kimya, bila muziki wala vigelegele. Kuuza ni habari nyingine na kuna leseni yake. Gongo siizungumzii kabisa. Ni haramu kisheria, na imepofusha na kuua watu.

Kuhusu usalama, kimea ndicho cha kuogopa. Unyevu wa pwani huzaa ukungu haraka, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumu hiyo kwenye mahindi. Kwa hiyo loweka nafaka safi usiku kucha, itandaze tabaka jembamba juu ya gunia lililoloweshwa, igeuze kila mara, na ikishachipua ianike kwenye jua kali siku isiyo na mawingu. Ukiona ukungu wa rangi yoyote, tupa yote, usichague. Mtama una la ziada: machipukizi yake yana kitu kinachotoa sumu ya sayanidi, hivyo yakikauka yasugue na kuyapepeta yaondoke. Ndiyo sababu nyingine ya kumwambia anayeanza atumie ulezi kwa kimea na mtama kwa uji. Wala usifunge pombe inayochachuka kwenye chupa ya kioo. Itapasuka.

Ladha ndiyo uwanja wa kuchezea. Maganda ya machungwa ya Muheza, iliki na mdalasini wa Amani, tangawizi kidogo. Mimi naanza na iliki.

Shayiri ije baadaye, kwa atakayeitaka. Kwa sasa natafuta kitu kimoja: vipimo vya pombe ya miwa ya Usambara, kama ilivyopikwa nyumbani na si kilabuni. Kama bibi yako wa Lushoto bado anavikumbuka, muulize, uviandike kwa kikombe na kwa siku, kisha unitumie.