Tempo haipimwi kwa wingi wa noti

Wengi wakisikia noti nyingi husema wimbo una kasi. Hapo ndipo tempo inapoanza kueleweka vibaya. Tempo ni muda uliopo kati ya pigo na pigo, basi. Mpiga gitaa anayeingiza noti 8 ndani ya kila pigo kwenye wimbo wa 60, yaani mapigo 60 kwa dakika, anapiga noti 8 kwa sekunde. Mwenzake anayepiga noti moja kwa kila pigo kwenye wimbo wa 150 anapiga mbili na nusu tu. Vidole vya yule wa kwanza vinakimbia, lakini wimbo wake ni wa pole.

Kosa hili lina gharama mazoezini. Kiongozi anaagiza "ongezeni tempo" kwa sababu wimbo umepoa, kumbe kilichokosekana ni mpiga ngoma kugawa mapigo katika noti ndogo zaidi. Bendi inatii, waimbaji wanaanza kumeza maneno, na wimbo unabaki umepoa vilevile, ila sasa una haraka. Kabla ya kugusa tempo, jaribu kubadilisha mdundo ndani ya tempo ileile. Mara nyingi dawa iko hapo.

Namba ya tempo ni idadi ya mapigo kwa dakika: 60 ni pigo moja kila sekunde, 120 ni pigo kila nusu sekunde. Kuipata bila kifaa ni rahisi: hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Lakini pigo linaloanguka wakati ule ule unapoanzisha saa ni sifuri, si moja. Ukiliita moja, jibu lako linazidi kwa 4, na tofauti ya 4 kwenye wimbo wa pole inasikika wazi.

Programu za kupima tempo nazo hukosea kwa namna yake. Wimbo wa 70 unaweza kuandikiwa 140, au kinyume chake. Programu haijasikia vibaya. Imeshindwa kujua noti ipi ndiyo pigo. Amua kwa mwili wako: mguu unagonga wapi bila kulazimishwa? Kwenye nyimbo za sita kwa nane, zenye noti za nane sita zinazokwenda kwa mafungu ya tatu tatu, uwe mwangalifu zaidi. Ukiambiwa "60", uliza ni 60 ya nini. Kama ni robo noti yenye nukta, ambayo ni sawa na noti za nane tatu, noti za nane zinakwenda 180 kwa dakika. Kama 60 hiyo ni ya noti za nane zenyewe, wimbo unakuwa wa pole mara tatu.

Maneno ya Kiitaliano ya kuelezea mwendo wa wimbo, kama allegro (haraka) na andante (mwendo wa kutembea), hayachukui nafasi ya namba, na namba haichukui nafasi ya maneno hayo. Allegro inabeba uchangamfu, si kasi peke yake. Johann Maelzel alipata hataza ya metronomu, kifaa kinachogonga kliki kwa tempo unayoiweka, mwaka 1815, na mwaka 1817 mtunzi Beethoven akachapisha namba za tempo za simfonia zake nane za mwanzo. Mpaka leo wanamuziki wanabishana kama baadhi ya namba hizo zinapigika. Msimamo wangu ni kwamba namba ya mtunzi ijaribiwe kwa uaminifu kwanza, ndipo mtu awe na haki ya kuiacha.

Sasa, tempo ichaguliwe vipi? Wengi huichagua kwa mstari wa kwanza, ambao kwa kawaida ndio mwepesi kuliko yote. Mimi nasema anza na sehemu ngumu kuliko zote. Tafuta mahali penye maneno yaliyobanana: silabi nne kwa pigo kwenye 120 ni silabi 8 kwa sekunde, na wasikilizaji hawataambulia kitu, kwenye 96 ni 6.4, na maneno yanaanza kueleweka. Huo ndio mpaka wako wa juu. Kisha tafuta kifungu kirefu kinachoimbwa kwa pumzi moja. Kifungu cha mapigo 16 kinachukua sekunde 12 kwenye 80, lakini kwenye 60 kinachukua 16, na waimbaji wengi watakatika kabla ya kukimaliza. Huo ni mpaka wa chini. Tempo yako iko kati ya mipaka hiyo. Ukumbi wenye mwangwi mrefu utakusogeza chini kidogo, kwa sababu sauti ya pigo lililopita bado inaelea wakati jipya linapoingia.

Jukwaani moyo unakwenda mbio, na tempo iliyoonekana sahihi mazoezini huonekana inaburuta. Kwa hiyo kabla ya kuhesabia wenzako, imba kimoyomoyo mstari ule mgumu, si ule wa kwanza, ndipo uhesabu.

Kuishika tempo ni kazi nyingine, na inaponyokea mahali panapojulikana. Sauti inapopanda, watu hukimbia, inaposhuka, huburuta. Mpiga ngoma anapojaza noti za ziada kuelekea kibwagizo huwahi. Mapumziko hukatwa kabla hayajaisha. Nyimbo za pole zina hatari zaidi kuliko za kasi: kwenye 50 kuna sekunde 1.2 kati ya mapigo, na nafasi hiyo ni pana mno kukisia. Igawe kichwani mara mbili au nne.

Kwenye mazoezi ya mtu binafsi, anza na tempo ambayo kifungu kinatoka safi mara tatu mfululizo, kisha panda. Usipande kwa kiasi kilekile siku zote. Kutoka 60 hadi 64 ni karibu asilimia 7. Kutoka 160 hadi 164 ni asilimia 2.5 tu. Ndiyo maana metronomu za zamani zinapanda kwa 2 kati ya 40 na 60, lakini kwa 8 kuanzia 144 hadi 208.

Wanaosema metronomu inaua hisia huwa wanaiacha igonge kila pigo daima, na hapo ni kweli mtu huanza kuitegemea. Ipunguze. Kwenye wimbo wa 100 wenye mapigo manne, iweke 50 na uzisikie kliki kama pigo la pili na la nne. Ukizoea, iweke 25 ikiwa kifaa kinaruhusu, kliki moja tu kwa kila mapigo manne. Ukiikuta kliki imeshapita, unaburuta. Ukifika kabla yake, unakimbia.