Seneti hairudii kazi ya Bunge la Taifa

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba Seneti ya Kenya hurudia tu kazi ambayo Bunge la Taifa limekwisha kuifanya, na kwamba maseneta 67 ni mzigo kwa mlipa kodi. Kuhusu gharama sibishani naye, lakini dai la kwanza halina mashiko kikatiba. Mswada wa kila mwaka wa kugawa mapato kati ya serikali ya kitaifa na kaunti haupiti mpaka Seneti na Bunge la Taifa zikubaliane, na zikishindwa, maspika huunda kamati ya upatanisho yenye idadi sawa ya wajumbe kutoka kila upande. Mwaka 2019 wabunge walishikilia kaunti zipewe shilingi bilioni 310, maseneta wakadai 335, na baada ya mvutano wa miezi zikapitishwa bilioni 316.5, huko si kurudia kazi. Isitoshe, katika masuala ya kaunti maseneta hawapigi kura mmoja mmoja. Maseneta waliosajiliwa kuwa wapiga kura katika kaunti moja, wa kuteuliwa wakiwemo, huwa ujumbe mmoja wenye kura moja, inayopigwa na seneta aliyechaguliwa baada ya kushauriana na wenzake, ili Lamu yenye watu wachache iwe sawa na Nairobi. Udhaifu ninaouona mimi uko kwingine: Katiba inamtaka seneta aliyechaguliwa ashauriane na wenzake, lakini haisemi atawajibishwa vipi asipofanya hivyo. Je, kuna msomaji aliyewahi kusikia seneta wa kuteuliwa akilalamika kwamba hakushirikishwa?