Usaili wa Jazi Unaosahau Masikio

Juma lililopita binti wa dada yangu alinipigia simu kutoka chuoni kwao, huku huku Marekani, sauti imemkauka. Amekatwa kwenye usaili wa bendi ya jazi. Anapiga tromboni. Amekulia kwenye matarumbeta ya kanisa la Moravian, Mbeya, akipiga misibani, harusini na kwenye mikutano ya injili, na ukimwimbia wimbo mara moja atakurudishia pamoja na sauti ya pili. Anasoma do-re-mi kama anavyosoma gazeti. Nota za mistari mitano ndiyo kwanza anazizoea.

"Mjomba, wameniwekea karatasi, wakanipa nusu dakika niitazame, wakasema anza."

Flati tano, yaani alama tano za kushusha sauti mwanzoni mwa mstari, mwendo wa kukimbia. Alikwama mstari wa pili. Kisha wakawasha spika, ikatoa bluzi, akaambiwa apige solo juu yake. Akapiga, wakamshukuru, akatoka. Orodha zilipobandikwa, jina lake halikuwemo hata kwenye bendi ya mwisho.

Nimekasirika, na ningekasirika hata angekuwa mtoto wa jirani. Nimekaa kwenye bendi za vyuo vya huku nikipiga tarumbeta ya pili, na kitu nilichojifunza pale hakuna aliyekipima mlangoni. Kwenye safu ya tarumbeta nne, mtu wa pili anaishi kwa kumsikiliza wa kwanza. Akivuta pumzi, unavuta naye. Karatasi inasema noti ndefu ifike pigo la nne, lakini yeye akiikata kwenye la tatu, unaikata hapo hapo. Sauti yake ikipanda kidogo kwa sababu ukumbi umepata joto, unapanda naye, hata kama kifaa cha kupimia sauti kinasema umekosea. Na nyuma yenu mpiga drams anawasikiliza wote wanne ili ajue ateremshe fimbo wapi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Asiyeweza hilo anaweza kusoma kila nota iliyoandikwa na bado safu nzima ikasikika kama watu wanne waliokutana kituo cha basi.

Sasa tazameni hiyo spika. Rekodi haikusikii. Ukiingia kwa upole, mpiga drams wa kwenye rekodi hapunguzi. Ukiacha nafasi, mpiga piano hakujibu. Ukivuta noti nyuma kidogo ya mdundo, besi haijui kama upo. Mtu anaweza kukariri solo chumbani kwake wiki nzima, akaja kuimwaga juu ya bluzi ile bila kusikiliza hata sekunde moja, na akapata alama zote. Rekodi za kufanyia mazoezi ni nzuri. Tangu Jamey Aebersold, mwalimu wa jazi wa Marekani, aanze kuzitoa mwaka 1967 zimewasaidia wengi waliokosa watu wa kupiga nao. Lakini ni za mazoezi ya nyumbani. Chuo chenye wapiga besi na drams ambao wanapita kwenye korido ile ile hakina sababu ya kumsikiliza mtoto akizungumza na spika.

Najua nitajibiwa nini. Bendi kubwa ina watu 17 au zaidi: saksafoni tano, tromboni nne, tarumbeta nne, halafu piano, besi, gitaa na drams. Muziki wa Thad Jones, mtunzi wa bendi kubwa, hauwezi kufundishwa kwa kuimbiana sauti moja moja wakati onyesho liko karibu. University of North Texas, waliokuwa wa kwanza Marekani kutoa shahada ya jazi mwaka 1947, wana bendi nyingi zinazoitwa kwa saa za mazoezi yake, ile ya saa saba mchana, One O'Clock, ikiwa juu ya zote. Huwezi kuwapanga wanafunzi wote hao bila kipimo cha haraka. Haya, nakubali kwa shingo upande. Kusoma nota kunahitajika, na binti lazima akae chini ajifunze.

Lakini kiwe kipimo kimoja kati ya vingine. Kikibaki peke yake mlangoni, nani anabaki nje? Erroll Garner, mpiga piano, hakusoma nota. Wes Montgomery, mpiga gitaa, hakusoma. Buddy Rich alikuwa akikaa pembeni, mtu mwingine anapiga drams za wimbo mpya, yeye anasikiliza, kisha anakaa kwenye kiti na kuupiga. Bendi ya Count Basie, ilipokuwa Kansas City miaka ya 1930, ilijenga nyimbo zake nyingi mazoezini, mtu anaanzisha kipande, safu yake inakidaka, safu nyingine inajibu, na hakuna aliyeandika. Vyuo vinafundisha muziki wa watu hawa huku vikiwa na mlango ambao wao wasingeupita. Hili linaniuma kuliko yote.

Na kuna waliofungua mlango. Zim Ngqawana, mpiga saksafoni na filimbi wa Port Elizabeth, Afrika Kusini, aliacha shule kabla ya kufikia sifa za kuingia chuo kikuu, na alianza filimbi akiwa na miaka 21. Chuo cha Rhodes kilimpokea kwa upigaji wake. Baadaye akasoma jazi Chuo Kikuu cha Natal, Durban, kwenye programu aliyoianzisha Darius Brubeck, akaja Marekani na kundi la wanafunzi, Jazzanians, na mwisho akapata ufadhili wa kusoma Massachusetts chini ya wapiga saksafoni Archie Shepp na Yusef Lateef. Yupo mtu aliyekaa akamsikiliza kabla ya kuuliza vyeti.

Suala la fedha nalo lipo: aliyelipiwa mwalimu binafsi tangu sekondari anafika usaili akiwa amezizoea karatasi za namna hiyo.

Binti atarudi Januari. Ameshapata mwalimu wa nota na anafanya mazoezi kila usiku. Kwa upande wenu mnaosimamia usaili, ninachoomba ni dakika kumi. Mwiteni mpiga besi na mpiga drams wa mwaka wa tatu, wapeni bluzi ya vipimo 12, kila kipimo mapigo manne, kisha mwambieni mtahiniwa apokezane nao vipimo vinne vinne. Mpiga drams abadilishe kitu katikati, bila kumwambia. Halafu andikeni alama.