Bakteria wanaolinda ngano: tusiwafanye dawa ya chupa

Ng'oa ngano iliyokauka mapema, yenye suke jeupe lisilo na punje, kisha osha mizizi yake. Ukiikuta nyeusi kama iliyoungua, inakatika kwa kuguswa tu, na weusi huo umepanda hadi kwenye shina, jua ni kazi ya Gaeumannomyces tritici, fangasi anayeozesha mizizi. Hujificha kwenye mabaki ya mizizi ya msimu uliopita. Dawa ya kupuliza majani haimfikii, na hakuna aina ya ngano yenye ukinzani wa kutegemewa dhidi yake. Ndiyo maana watafiti waliwageukia bakteria.

Na wanaowatetea bakteria hao wana hoja nzito. Ngano ikipandwa mfululizo shamba lilelile, ugonjwa huongezeka kwa miaka kadhaa, halafu hupungua wenyewe ilhali fangasi bado yumo. Udongo wa shamba hilo ukipashwa joto la nyuzi 60 za Selsiasi kwa nusu saa, kinga hutoweka. Chota kidogo udongo wa shamba hilo usiopashwa joto, uchanganye na udongo uliofukizwa dawa, na kinga huhamia. Kinacholinda, basi, ni viumbe hai. Huko Pullman, katika jimbo la Washington nchini Marekani, R. James Cook, David Weller na Linda Thomashow waliwachunguza bakteria wa Pseudomonas waishio kwenye mizizi. Mwaka 1988 Thomashow na Weller walionyesha kwamba bakteria hao wakipokonywa uwezo wa kutengeneza fenazini, ambayo ni kiuavijasumu, nguvu yao ya kuzuia ugonjwa hupungua sana.

Kwangu mimi huo ni ushahidi wa kutosha kwamba bakteria wanaweza. Shida inaanza tunapotaka kuwatia kwenye chupa.

Katika mashamba yaliyojijengea kinga, bakteria wanaotengeneza kiuavijasumu kinachohusika huwa kiasi cha 100,000 au zaidi kwa kila gramu ya mzizi. Wakipungua sana chini ya hapo, kinga haionekani. Sasa mfikirie bakteria aliyepakwa kwenye mbegu. Anaingia udongo wenye wenyeji wake, pengine mkavu, pengine wenye baridi, na mzizi unazidi kurefuka na kumwacha nyuma. Pseudomonas hatengenezi spora, yaani chembe ngumu za kujihifadhi, kwa hiyo hata ghalani hufa upesi. Bacillus, bakteria wa kundi jingine, anazo, anavumilia ukavu na kukaa muda mrefu, lakini kuvumilia ghalani si sawa na kuutawala mzizi.

Wapo pia wanaosema fangasi hawezi kumzoea bakteria kama anavyoizoea dawa ya kemikali. Kemikali kweli zina historia mbaya: dawa za strobilurini ziliingia sokoni mwaka 1996, na kufikia 1998 ubwiri unga wa ngano, ugonjwa wa fangasi wa majani, huko Ujerumani ulikuwa umeonyesha usugu. Lakini hata fangasi wa mizizi hawafanani. Wapo wasiodhurika na viuavijasumu vya Pseudomonas, na fangasi hao, bakteria hawawazuii. Wala neno "asilia" lisitufumbe macho, maana Burkholderia cepacia hupigana na fangasi vizuri, ila huambukiza mapafu ya watu wenye saistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu ute mzito.

Nani basi anufaike? Naona jibu liko kwenye mbegu. Nchini Sweden, Pseudomonas chlororaphis wa aina ya MA342 alitumika kutibu mbegu za shayiri dhidi ya magonjwa yanayosafiri na mbegu. Hapo adui amekaa juu ya mbegu yenyewe, na bakteria hahitaji kuuteka mzizi mzima kwa miezi. Kazi ni fupi, na anaimudu.

Kwa ugonjwa wa mizizi, mkulima anayeweza kubadilisha mazao abadilishe kwanza: mwaka mmoja bila ngano wala shayiri humnyima fangasi chakula. Ni kweli kwamba kubadilisha huko huvunja pia ile kinga iliyojengeka, lakini kuisubiri kunagharimu misimu kadhaa ya mavuno mabovu, na si kila kaya itaimaliza salama. Asiyeweza kubadilisha ndiye mwenye sababu ya kujaribu bakteria, tena kwenye kipande cha shamba, na kipande kingine kando yake kisichotiwa kitu. Na kila chombo anachouziwa kiandikwe idadi ya bakteria walio hai, tarehe ya mwisho na joto la kukihifadhi.